Ndugu Zako Wapo Uwanjani?

Bhoke mwanangu,

Ukiamka hutanikuta kitandani, wala zizini, wala kwa yule jirani ninayemwombaga tumbaku. Najua utakachofikiri. Utamwangalia mama yako, naye atakuangalia, na wote wawili mtasema kimoyomoyo kwamba mzee amekimbia tena. Siwalaumu. Miguu yangu inajulikana Morotonga nzima. Lakini soma kwanza hii barua mpaka mwisho, ndipo unikasirikie kama bado utataka.

Juzi jioni uliniuliza swali nikiwa nafunga ndama. Ulisema, "Tata, siku ya kuondoka utanisafishia uwanja?" Nikainuka nikaenda kuhesabu ng'ombe, ambao wewe mwenyewe unajua ni watatu. Mtu mzima mwenye mvi, ng'ombe watatu, nahesabu mpaka giza linaingia! Jibu lilikuwepo kifuani, ila lilikataa kupanda. Kwa hiyo naliandika. Kalamu haitetemeki kama mdomo.

Mambo ya kula, kuvaa, na watu wa kuwakwepa huko Dar es Salaam, mama yako amekwisha kukujaza masikio. Yeye ni nesi, tena mtu wa Iringa, anajua kupanga. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo unalijua nusu. Nusu uliyonayo uliipata shuleni, siku ile uliporudi mdomo umepasuka kwa sababu watoto walikuita binti wa yule aliyesalimiana na pundamilia. Mama yako alikuosha, mimi nikatoka nje. Nilipaswa kukaa pale pale nikueleze. Nilitoka nje kwa miaka yote iliyofuata.

Sisi asili yetu ni Tarime. Babu yako alihamia Robanda akifuata malisho, akaja na ng'ombe wake na mwiko wake. Mwiko wa ukoo wetu ni pundamilia. Hatumli, hatumpigi, hatumtupii jiwe, wala hatumfukuzi kwa kelele. Ukimkuta njiani unasimama, unamsalimu kwa Kikurya kama unavyomsalimu mtu mzima, unaomba upite. Bibi yako alinifundisha hivyo nikiwa na kimo cha mbuzi, na wewe nilikufundisha ukiwa mgongoni kwangu.

Sasa mtu wa mwiko huo akapewa kazi gani? Kazi ya kufukuza wanyama kwenye uwanja wa ndege. Mungu naye ana utani wake.

Uwanja wenyewe unaujua. Mstari wa changarawe katikati ya nyasi, mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo unakoelekea, kibanda cha bati, mtungi wa kuzimia moto. Uzio hakuna. Kambi ya watalii iliniajiri nipite na gari uwanja mzima kabla ndege haijatua, niondoe swala, nyumbu, ngiri na kila chenye miguu, halafu nimwambie rubani kwenye redio kama uwanja upo wazi. Yeye yuko juu, haoni kilichojilaza kwenye nyasi. Macho yake ni mimi. Kazi ni hiyo tu, na nilivyoipenda, mwanangu, sitaki hata kukumbuka.

Wanyama wengine niliwapigia honi. Pundamilia niliwashukia. Nazima gari, nashuka, nawasalimu, naomba njia, nasogea polepole mikono imelegea. Na walikuwa wanaondoka! Wenzangu walicheka mpaka wakachoka kucheka. Wageni wakaanza kunipiga picha. Kusema kweli nilijivuna. Nilianza kuamini kwamba wale wanyama wananijua mimi kwa jina, kwamba hapo uwanjani pana mkataba kati yangu na wao ambao honi za watu wengine hazina. Majivuno huingia kwa adabu sana, yanavua na viatu mlangoni.

Rubani aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa Kapteni Salehe, mtu wa Tanga. Mrefu, mcheshi, hana haraka. Akishatua anakunywa chai kibandani kwangu wakati mizigo inashushwa, na siku moja nilimweleza habari ya mwiko. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza maswali mengi, kama mtu anayeulizia wakwe, kisha akasema basi kuanzia leo ni lazima nipige hodi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama uwanja upo wazi. Sauti yake ilikuwa inaingia kwenye redio, "Mzee Chacha, ndugu zako wapo?" Nami nikimjibu wapo, anazunguka juu bila kulalamika mpaka nimalize salamu zangu. Nikimjibu wameondoka, anatua. Kwetu sisi wawili ulikuwa mchezo, na ndani ya mchezo huo kulikuwa na roho yake yote.

Wewe ulikuwa darasa la pili. Ulikuwa msimu wa nyumbu, uwanja umejaa tangu asubuhi. Kambi ilikuwa na wageni waliochelewa, wanataka kuondoka, na Salehe alikuwa anakuja na ndege tupu kuwachukua. Meneja alikuwa amewaleta mwenyewe, anaangalia saa yake kila mara. Niliondoa nyumbu. Wakabaki pundamilia. Nikashuka, nikasalimu, wakaondoka wote isipokuwa jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika. Nilimfahamu. Miaka yote alikuwa wa kwanza kunipisha. Siku hiyo alisimama kwenye ukingo wa changarawe ananiangalia, hasogei mbele wala nyuma.

Salehe akauliza. Nikasema bado yupo mmoja, zunguka. Akazunguka. Akauliza tena. Nikasema bado. Akazunguka. Ndipo meneja akasema kwa sauti, ili wageni wasikie, tungoje mpaka amalize kumuulizia pundamilia habari za watoto? Akawatafsiria. Wageni wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, walicheka kama mtu yeyote angecheka. Lakini mimi nilisikia uso unawaka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, mikono imelegea, naongea na mnyama, na kwa mara ya kwanza nilijiona kwa macho yao.

Wenzangu wangempigia honi. Mimi sikuweza, mwiko umenishika. Ningeweza kusema bado mara ya tatu. Hilo nalo sikuweza, aibu imenishika. Nikarudi kwenye gari, nikalitoa njiani, na Salehe alipouliza mara ya tatu kama ndugu zangu wapo, nikamjibu wameondoka. Nilijua jike bado yuko pale ukingoni. Nilijiambia anasogea tu, atasogea, huwa anasogea siku zote.

Sitakueleza yote niliyoyaona. Magurudumu yalikuwa yameshagusa ardhi aliposogea. Alisogea, ndiyo, lakini kuingia uwanjani. Salehe alimkwepa. Ndege ikatoka kwenye changarawe, gurudumu moja likaingia kwenye shimo la ngiri, ikapinduka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Lilipotulia nilimwona yule jike upande wa pili, hana hata mkwaruzo, na pembeni yake ndama wake ananyonya. Hakuwa ameniletea ukaidi. Alikuwa amemlaza mtoto kwenye nyasi ng'ambo ya uwanja, na alikuwa anatafuta namna ya kumfuata. Nilimsalimu mara ngapi siku ile, na sikuangalia anaangalia wapi.

Tulimtoa Salehe tukamlaza kwenye gari, kichwa chake mapajani kwangu, tukakimbilia zahanati ambako mama yako alikuwa zamu. Njiani alifungua macho. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilimwambia wameondoka. Nilikuwa nimejiandaa nimjibu ukweli. Akaniuliza, "Nduguyo salama?"

Nikamwambia salama.

Akasema, "Haya." Hakusema neno jingine mpaka tunafika, na mama yako ndiye aliyemfumba macho.

Bhoke, hiyo "haya" ndiyo inayotembea nami. Angenitukana ningelala. Lakini alisema haya, kama mtu aliyeambiwa maji yamechemka. Mpaka leo sijui kama alimkwepa kwa sababu rubani yeyote angemkwepa mnyama, au alimkwepa kwa sababu alikuwa nduguye Chacha. Ningemwuliza nani? Usiku nalala chali naliuliza bati.

Watu wa serikali walipokuja kuchunguza niliwaeleza kila kitu, hata kicheko. Hawakunifunga. Kazi niliiacha mwenyewe, nikawahamisha kutoka Robanda nikawaleta huku Morotonga, nikidhani huku karibu na Mugumu kuna kelele za mji, sitasikia ndege. Kumbe hata ndege hazihitajiki. Mashine ya kusaga ya pale senta ikiwashwa, sauti yake ya kwanza, kabla haijashika mahindi, ni sauti ile ile ya injini inayokuja kutoka mbali. Sasa unajua kwa nini ulinikuta siku ile nimetupa jembe, nakimbia barabarani nafukuza mbuzi wa watu, napunga mikono, napiga kelele ondokeni. Ulikuwa na wenzako wawili wa sekondari. Mmoja akacheka, wewe ukainamisha kichwa ukapita kama hunijui. Sikuumia kwamba ulipita. Niliumia kwamba nilikuwa sijamaliza, kulikuwa na mbuzi mmoja bado amebaki njiani, na nilitaka kukuomba unisaidie.

Nyakati nyingine jua likianza kuinama naisikia sauti yenyewe. Haina hasira, ina kicheko chake kile cha Tanga. Ndugu zako wapo? Najibu bado. Najibu kwa sauti, mama yako ananisikia, anaendelea kuchagua mchele. Najibu bado, bado, na yeye hazunguki, anauliza tena.

Bibi yako, aliyekuwa amesharudi kuishi Tarime, alikuja baada ya msiba. Nilitegemea atanipongeza kwamba sikuuvunja mwiko, maana hilo ndilo pekee nililobaki nalo, nilikuwa nimelishika kama mzamaji anavyoshika tawi. Jioni akaniambia, "Nilikufundisha kumheshimu. Sikukufundisha kumficha." Akaomba maji ya kunawa. Kesho yake akarudi kwake.

Nimelitafuna neno lake miaka yote hii. Wengi wanadhani mwiko ndio uliomuua Salehe. Siyo. Mwiko ulisema mngoje. Kungoja kulikuwa hakuna gharama yoyote, Salehe angezunguka mpaka mafuta yamlazimishe aende uwanja mwingine, na angefika salama akinicheka. Nilichofanya ni kuona haya kwamba namngoja pundamilia. Nilimwonea haya ndugu yangu mbele ya wageni, nikamkana, nikasema hayupo. Wewe unakwenda mahali ambapo watakucheka kwa mambo mengi, kwa Kiswahili chako chenye Kikurya ndani, kwa jina lako, kwa kutokula nyama fulani. Sikwambii usione haya, haya haina mwenye kuizuia. Nakwambia tu kwamba mimi iliniondolea neno moja mdomoni, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

Bado. Mwanangu, sijawahi kusikia mtu aliyeuawa na neno bado. Linaudhi, linachelewesha, meneja analikunjia uso. Utakapokuwa rubani, umekaa kile kiti cha mbele cha ndege, na huku chini kuna mtu kama mimi, utamsikia anasema bado kwa sauti ya kuomba radhi. Mzungukie. Tena mzungukie kwa furaha, ili mara ya tatu asiogope kukwambia.

Lakini nina kosa jingine ambalo halikumhusu Salehe, linakuhusu wewe. Baada ya kuhamia huku ulitengeneza ndege kwa mabua ya mtama. Ilikuwa na mabawa, na mkia, na vigurudumu vya visoda. Nikaitia motoni. Hukulia. Kesho yake ukatengeneza nyingine, ukaificha darini, nikaiona, nayo nikaichoma. Mwalimu wako wa fizikia, yule kijana wa Kigoma, alipokuja kuniambia una kichwa cha kurusha ndege, nilimpa chai, halafu nikamwambia nyumba hii haina mtoto wa namna hiyo. Ukapata ufadhili wa chuo cha urubani bila mimi. Mama yako alijua, shangazi yako anayefanya kazi kambini alijua, mimi nikaambiwa wakati hata kiti kimeshaombwa kwenye ndege ya kambi ya kwenda Arusha, kutoka uwanja ule ule. Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, unayo.

Nilikuwa naogopa, Bhoke. Ndilo neno lake, sina jingine. Nilikuwa nakuona juu, na chini yako kuna mtu mwenye aibu ameshika redio. Kila mara nilipoota, mtu huyo ni mimi. Yule jike wa sikio lililochanika amesimama ukingoni, mimi nimejaa nyasi mdomoni, na sauti inayouliza ndugu zako wapo siyo ya Salehe. Ni yako. Ndiyo maana nilichoma ndege zako. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nimesimama tu njiani mwako, siendi mbele wala nyuma.

Na kuna hili: nyumbani kwa kina Salehe sijafika. Msiba ulikwenda Tanga nami nikasema nitafuata. Mwaka uliofuata nilipanda basi, nikafika Arusha, nikakaa stendi mpaka basi la Tanga likaondoka nalitazama, nikarudi Mugumu. Niliogopa mkewe atanipikia. Maana ndivyo watu wa kule walivyo, wangenikaribisha na kunipikia, nami ningekula. Pole inayocheleweshwa haipoi, inazidi kuwaka. Nikija kukutembelea chuoni nitapitia kwao. Usinikumbushe wala usinisindikize. Nitakwenda.

Leo jioni, ulipokuwa unaagana na majirani, mama yako alikaa karibu nami, akaniambia bila kuniangalia, "Baba Bhoke, huyu mtoto ataruka ukiwepo na usipokuwepo." Halafu akaendelea kupiga pasi blauzi yako. Huwa anasema jambo mara moja, mengine anakuachia.

Nikachukua simu nikampigia Mwita, kijana anayefanya sasa ile kazi yangu uwanjani. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nikamwambia kesho nataka nishike redio. Akasema, mzee, basi uje mapema, siku hizi ngiri wamezidi kuchimba. Nimekwisha kuongea na kijana wa bodaboda, atanipitia kabla jogoo hajakohoa. Nikifika nataka niutembee uwanja kwa miguu, wote, kwenda na kurudi, nitazame kila shimo.

Kwa hiyo sikukimbia. Au nimekimbia, lakini safari hii nimetangulia.

Utakapofika na mama yako na mabegi yako utaona mtu amesimama pale kibandani, koti lake la zamani limembana. Usije kunikumbatia kwanza, nitakuwa kazini. Rubani wa kesho simjui, hanijui, ataniuliza tu kama wanavyouliza wote, uwanja upo wazi? Kama ndugu zetu watakuwepo nitasema wapo. Nitashuka nitawasalimu mbele ya wageni wote, na anayecheka acheke. Nitaangalia wanaangalia wapi. Nitatazama na ng'ambo, kwenye nyasi, kama kuna mtoto. Nitasema bado mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ya kumi ikibidi, na hata wewe ukikunja uso kwa kuchelewa nitasema bado.

Ikishatua na wewe ukapanda, tutaanza upya, maana kuruka nako kuna salamu zake. Usinitafute dirishani. Nitapita mara ya mwisho uwanja mzima, nitatoa kila chenye miguu, halafu nami nitatoka njiani. Ndipo nitamwambia rubani wameondoka, na safari hii itakuwa kweli.

Baba yako,
Chacha